Nyumba Chini ya Mlima wa Wino

Wiki jana ulitazama pembeni. Usibishe.

Tulimwacha Fundi ameinamia meza yake ya kazi, ncha ya kisu imeingia chini ya karatasi ngumu iliyouzunguka ule mchoro mkongwe wa mlima. Karatasi ikanyanyuka kidogo tu. Chini yake ukachungulia mkono. Mkono mdogo wa wino, vidole vimetanuka, umeshika mwimo wa mlango kama wa mtu anayezuia mlango usifungwe.

Ukasoma mpaka hapo, ukasema loh, ukalikunja gazeti, ukafungia sabuni.

Sishangai. Mwaka ule kifusi cha Mlima kilipoporomoka juu ya nyumba za watu, gazeti liliandika mistari michache chini ya matokeo ya mpira. Mkasoma mpira. Wenye redio mkaongeza sauti. Leo utasoma mpaka mwisho, na ukimaliza utakuta kuna kazi inakusubiri.

Kwa aliyeingia sasa hivi, habari iko hivi. Fundi ni mwanamke wa makamo anayetengeneza fremu za picha, katika duka aliloachiwa na marehemu baba yake. Kampuni, ile inayovunja mawe ya Mlima tangu wazee wetu wakiwa na meno yote, imemletea mchoro wake mmoja wa wino. Mchwa wamekula fremu. Kampuni inataka fremu mpya, kioo kipya, mchoro ung'ae, ukatundikwe katika jengo jipya litakalosimama chini ya Mlima wenyewe. Zege la msingi linamwagwa kesho asubuhi.

Na mahali pale litakapomwagwa, Kampuni inaapa kwa midomo yake yote, hapajawahi kuishi mtu.

Mama yake Fundi anasema alizaliwa pale. Anasema mdogo wake wa mwisho yuko pale mpaka leo, chini ya udongo. Mtoto huyo walimwita Sisimizi, kwa sababu alipenda kubeba vitu vikubwa kuliko mwili wake. Mama amezunguka ofisi hadi viatu vikaisha soli. Mhandisi wa halmashauri ndiye pekee aliyemsikiliza bila kutazama saa. Alimwambia alete kitu chochote cha zamani kinachoonyesha kuwa palikuwa na nyumba, naye atasimamisha zege hata kama mashine zimeshawaka. Mama hakuwa na kitu. Alikuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mwanamke mzee haipigwi muhuri.

Sasa rudi mezani.

Fundi hakuvuta. Mtu mwingine angevuta, akachana. Yeye aliachia kisu, akapitisha kidole pembeni. Ile karatasi ngumu, ambayo mafundi huikata katikati kama dirisha ili picha ionekane humo, ilikuwa imegandishwa juu ya mchoro. Sehemu yote ya chini, upana mzima, imebandikwa kwa gundi.

Hakuna fundi wa fremu anayefanya hivyo. Picha inaning'inizwa kwa vipande viwili vidogo vya karatasi juu, basi, ili iweze kupumua mvua na jua vinapobadilishana. Baba yake alimpiga kofi akiwa binti mdogo kwa kubandika pembe moja tu. Alimwambia picha ni kama shati, hulishonei mtu mwilini.

Nani basi aliyeshona hii?

Akageuza fremu iliyooza. Akatazama misumari. Iliingia miwiliwili, imelala ubavu, inatazamana kama watu wanaosengenya. Katika mji mzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyepiga misumari hivyo.

Baba.

Fundi akakaa kwenye kigoda. Duka likawa kimya, kimya kile ambacho huko nyuma ya ukuta unasikia kitu kinakwaruza, ukinyamaza nacho kinanyamaza. Alikuwa ameusikia mkwaruzo huo tangu mchoro ulipoingia. Alijiambia ni panya. Siku ya pili akaweka mtego. Mtego haukunasa kitu, ila asubuhi aliukuta umehamishwa, umewekwa kando taratibu, kama mtu anavyohamisha kitu kisimwumize mtoto.

Akalowesha kidole kwa mate, akasugua ukingo wa gundi, akanusa. Harufu ya uji uliochacha.

Gundi ya unga.

Hapo Fundi alicheka peke yake, na machozi yakamtoka. Gundi ya mbao ikishika imeshika. Utachana karatasi, utachana na mlima. Lakini gundi ya unga wa ngano hata baada ya miaka inakubali mvuke. Fundi anayebandika kwa unga ni fundi anayejua kuna siku mtu atarudi kufungua. Kwa hiyo baba yake alilazimishwa kufunika, akafunika, lakini akaacha mlango bila kufuli. Mzee yule mpole, aliyeogopa hata mbu, kumbe alikuwa shujaa.

Msipige makofi. Subirini.

Akabandika birika jikoni, kile chumba cha nyuma anachokaa na mama yake. Maji yalipochemka akaileta mezani, akaelekeza mvuke chini ya karatasi, taratibu, kama mtu anayempoza mgonjwa kwa kitambaa. Karatasi ikalegea. Akaibembeleza kwa kisu butu. Ikaanza kuinuka.

Juu, ndani ya lile dirisha, Mlima ulikuwa umebadilika rangi. Miaka mingi ya mwanga wa ofisi ilikuwa imeufanya wa hudhurungi, kama chai iliyosahaulika. Chini yake, mahali palipokuwa gizani, karatasi ilikuwa nyeupe na wino mweusi tititi. Ungesema mchoraji ametoka sasa hivi kunawa mikono.

Na palikuwa na nyumba.

Mapaa ya bati yaliyowekewa mawe yasipeperuke. Kamba ya nguo, na shati moja limening'inia kwa mkono mmoja. Kuku juu ya pipa. Mwanamke anasukwa nywele, anayemsuka ameshika kitana kwa meno. Mzee amekaa mlangoni anatengeneza redio, au anaiharibu. Moshi unatoka jikoni kwa watu wanaotarajia kula jioni ile na jioni zitakazofuata.

Mbele kabisa, karibu na ukingo, palikuwa na mlango ulio wazi na mtoto wa kike amesimama kizingitini. Ametupa mgongo. Mkono mmoja umeshika mwimo, ule mkono tuliouona. Mwingine umebeba kifuniko cha ndoo.

Fundi akamgusa mtoto kwa ncha ya kidole, vile mtu anavyogusa shavu la aliyelala.

Kidole kikatoka cheusi.

Wino wa miaka ile, uliokauka kabla Fundi hajaota meno ya utu uzima, ulikuwa mbichi. Akagusa shati kwenye kamba: pakavu. Akagusa kuku: pakavu. Akarudi kwa mtoto. Majimaji. Akasema ni mvuke, umemlowesha. Akaitazama birika. Mvuke ule ule ulikuwa umepita juu ya shati na juu ya kuku.

Nyuma yake sauti ikauliza:

"Nani anapika gundi yangu?"

Alikuwa mama yake, mlangoni mwa jikoni, kitenge kimefungwa kwapani, macho ya mtu aliyeamshwa na harufu. Mama huyu halali kitandani. Tangu mwaka wa kifusi hulala kwenye kiti, kichwa kimeegemea mlango, mlango umeachwa wazi kidogo. Watu wa mtaani humtania kwamba anawalinda wezi wasipotee njia. Huwa anacheka nao. Mlango haufungi.

Fundi hakuelewa. Akamweleza mama yake kwa haraka juu ya misumari, juu ya unga, juu ya baba aliyeacha njia. Akasema baba alikuwa na akili kuliko Kampuni nzima. Mama akamsikiliza mpaka mwisho huku akivuta kigoda.

"Baba yako alileta kopo la gundi ya mbao," akasema. "Walimpa Kampuni wenyewe, la kwao, wakamwambia atumie hilo hilo. Nililimwaga chooni. Nikakoroga unga, nikaujaza kwenye kopo."

"Wewe?"

"Kwani uji nani alikuwa anapika humu ndani?"

Fundi akamkodolea macho. Kwa hiyo baba alitaka isifunguke kabisa.

"Baba yako alitaka wanawe wale. Usimtukane, mwanangu, na usimsifu. Alikuwa mwoga mwenye mikono mizuri."

Fundi akang'ang'ana. Fundi wa fremu anaijua gundi kwa pua, akasema, hata akiwa na mafua. Mtu hawezi kuchovya brashi ndani ya uji akadhani ni gundi ya mbao. Lazima alijua.

Mama akasema, "Hilo sikuwahi kumwuliza. Naye hakuwahi kuniuliza mbona gundi ina vidonge."

Walikaa katika ndoa miaka yote ile na kopo moja katikati yao, mmoja hajaulizwa, mwingine hajasema. Mkitaka kumwita shujaa, mwiteni. Lakini kumbukeni alikuwa na mdomo pia, na alikuwa na miaka ya kuutumia, akautumia kupulizia vumbi kwenye vioo.

Kisha mama akainama mezani kutazama. Fundi alijaribu kumzuia, akachelewa.

Mwanamke mzee hakulia. Alitaja watu mmojammoja kama anayewaita chakulani. Yule anayesukwa ni shangazi aliyekuwa na neno la kumwambia kila mtu. Yule wa redio ni babu yako mzaa mama, na ndiyo, aliiharibu. Alipofika kwenye mlango ulio wazi, hakutaja jina; akasogeza uso karibu na kile kifuniko.

"Huu mchoro ulichorwa kiangazi," mama akasema. "Mchora ramani wa Kampuni alikuja kiangazi, akakaa kwetu na kigoda chake na chupa zake. Kifusi kilikuja na mvua. Sasa niambie wewe uliyesoma, kifuniko kile kimefikaje hapo?"

Maana siku ya kifusi, na siku ile moja tu, mama alikuwa bombani na ndoo, akamrudisha Sisimizi nyumbani akalete kifuniko. Mtoto akakimbia. Kilichofuata ni mlio, na baada ya mlio hapakuwa na nyumbani. Mtoto akiwa ameshika kifuniko kile, mchoraji hakuwa na namna ya kumwona. Na hapo kipo mkononi mwa mtoto, kimechorwa mpaka kishikio chake kilichopinda.

Mkwaruzo ukasikika tena nyuma ya ukuta. Safari hii mama naye alisikia. Hakugeuka. Alisema tu, kwa upole, "Nimekuona. Subiri kidogo."

Hapo ndipo honi ilipolia nje.

Ilikuwa gari la Kampuni, na ndani yake yule afisa wa mahusiano ambaye mtaani wanamwita Tabasamu, kwa sababu hajawahi kuonekana bila hilo. Wanasema hata akipiga mswaki anampigia mtu mwingine. Ni kijana bado, hakuwepo mwaka wa kifusi, hakujua picha ina nini, angejua asingeileta. Aliingia akinusa, akasema duka linanukia uji, dada unatunyima. Kisha akamwona mama.

"Shikamoo, mama yangu."

Mama hakuitikia. Shikamoo ikabaki hewani, inatafuta pa kukaa.

Fundi alikuwa na sekunde ya kuufunika mchoro na hakuufunika. Mpeni sifa hiyo. Alisogea kando, akamwonyesha kwa mkono mzima: nyumba hizi, watu hawa, Mlima huu, mchora ramani wenu, karatasi yenu. Akamwambia mchoro hauondoki hapa mpaka mhandisi wa halmashauri auone kwa macho yake.

Tabasamu akainama. Akatazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza meno yakajificha, na bila meno alikuwa na uso wa mtoto aliyepotea sokoni. Fundi baadaye aliapa kwamba macho ya kijana yalikuwa kwenye mlango ule ulio wazi.

Lakini mshahara ni dawa ya haraka. Meno yakarudi.

Akasema, kwa heshima zote, kwamba mchoro ni mzuri sana. Lakini mchoro ni mchoro. Mchoraji angetaka angechora nyangumi pale, na leo tungekuwa tunatafuta bahari. Picha moja ya mtu mmoja aliyekufa zamani haimwambii mhandisi kitu, labda kwamba mtu huyo alikuwa na wino mwingi.

Fundi akasema ameshaupiga picha kwa simu.

"Dada, siku hizi simu inamvisha mbwa suti," Tabasamu akasema. "Mpelekee mhandisi simu. Atacheka, atakurudishia."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalouma. Fundi alilitafuta jibu usoni mwa mama yake.

Akalipata, na laiti asingelipata.

Mama aliinuka. Miaka yote ile ya kukaa ofisini kwa watu akiambiwa aende arudi, akiambiwa bibi umechanganya, ikamtoka mdomoni kwa mara moja. Akamwambia Tabasamu kwamba mchoraji hakuchora mmoja. Alihamia mlango kwa mlango kiangazi chote, anachora Mlima kutoka kila baraza, kwa sababu Kampuni ilitaka kujua unakaaje kila upande kabla haijaukata. Kila mchoro una nyumba chini. Kifusi kilipokwisha kuzika watu, wakubwa wakaamua michoro ni mizuri isitupwe. Waliagiza ikatwe chini. Mume wake akawaambia karatasi ya wino ikikatwa inajikunja, mlima utapinda, afadhali ifunikwe. Akafunika yote, mezani hapa. Nao wakaigawa, zawadi kwa wanyapara na makarani walipostaafu. Ipo majumbani mpaka leo, juu ya makochi, imefunikwa vitambaa vya kufuma.

"Mchoro mmoja unaweza kuota," akamwambia. "Yote ile, imechorwa milango tofauti, iote ndoto moja? Nenda sasa hivi kwa mjane wa Nyapara, pale nyumba za wafanyakazi. Uone kama mchoro hauko ukutani."

Fundi alimshika mama yake mkono. Aliuminya. Alikuwa amechelewa tena.

Tabasamu alikuwa amesimama wima, amenyamaza, na ukimya wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Ulikuwa wa mtu aliyepewa anwani.

Akashukuru. Akasema mama yangu ameongea maneno mazito na yeye ameyachukua. Akamwita dereva. Fundi akasimama mlangoni, akasema karatasi imelowa, ikiinuliwa itachanika. Tabasamu akasema basi wataibeba imelala juu ya ubao wake, kama mgonjwa. Fundi hakuondoka mlangoni.

"Dada, mchoro wa nani huu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Fundi akaushika mwimo wa mlango.

"Basi tusipelekane polisi kwa karatasi ambayo hata wewe unajua si yako. Mama yako atalala kituoni, na kule hakuna kiti."

Alisogea. Nimeahidi kuwaambia kila kitu, na hili nalo ni mojawapo. Fundi alisogea pembeni, kama baba yake alivyosogea, kama mlivyosogea ninyi nyote mwaka ule magari ya Kampuni yalipopita na udongo mpya wa kusawazisha. Mlima wa wino ukapita mlangoni umebebwa na watu wawili, na nyumba zake, na moshi wake, na mtoto aliyetupa mgongo.

Tabasamu alipofika kwenye gari hakupanda mara moja. Alikuwa ameshika simu sikioni, anataja majina. Fundi alimwona kupitia kioo cha dirisha. Hakutia maanani. Alikuwa anatazama meza.

Pale ulipokuwa ukingo wa mchoro, juu ya mbao nyeupe, palibaki alama ya wino. Viganja viwili vidogo, kando kwa kando. Vya mtu aliyekuwa anashikilia asiondolewe.

Mama akafunga kitenge upya. "Twende kwa mjane wa Nyapara," akasema. "Mmoja tu unanitosha. Mmoja, nimwekee mhandisi mezani leo, zege lisimame, wachimbe taratibu kwa mikono. Nimtoe mtoto wa watu pale. Nimwambie aache hicho kifuniko, maji nimeshafikisha."

Wakatembea. Jua lilikuwa bado kali. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa zimefanana, geti moja limezaa mengine, na katika kila kibaraza pana mstaafu anayekohoa vumbi la Mlima alilolivuta ujanani. Kila dirisha walilopita mama alichungulia bila aibu, anatafuta ukutani. Fundi akamwambia mama, utatuitia mwizi. Mama akasema sisi ndio tulioibiwa, acha tuchungulie.

Mjane wa Nyapara alifungua kabla hawajabisha. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mdomo usiopumzika. Aliwakaribisha, akamwamkia mama, akasema leo ni siku ya wageni, tena karibuni maana hata hao wengine hawakukaa.

Fundi aliuliza wageni gani.

"Si vijana wako," akasema mjane.

"Vijana wangu?"

"Wawili, wana adabu mpaka raha. Wamesema fundi wa fremu amewatuma wakusanye michoro ya Mlima, mnaisafisha bure, kioo kipya na kila kitu, mtairudisha wiki ijayo. Mimi nikasema kwa huyo binti wa marehemu? Chukueni, chukueni hata ukuta. Wamepita tu sasa hivi, wameelekea nyumba zile za makarani."

Ukutani, juu ya kochi, palikuwa na msumari. Chini ya msumari palikuwa na doa la mraba, jeupe, safi kuliko ukuta wote, mahali ambapo Mlima ulikuwa umekaa miaka yote ile ukiwafunika waliolala chini yake.

Mjane alitazama huyu, akatazama yule, na taratibu furaha ikamtoka usoni. Akaanza kusema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna jambo jingine. Tangu waushushe, kuna mtu anabisha. Anabisha chini kabisa mlangoni, kama mtoto. Ndiyo maana amewafungulia kabla hawajagusa mlango; alidhani ni yeye tena.

Mama alikwenda mpaka ukutani. Akaweka kiganja juu ya lile doa jeupe. Alipokiondoa, kilikuwa kimelowa.

"Sisimizi amehama," akasema. "Anawatangulia hao vijana. Anakwenda nyumba hadi nyumba."

Fundi alikuwa ameshatoka mbio.

Sasa nisikilize wewe.

Fundi hana vijana. Anafanya kazi peke yake tangu baba yake afe, mtaa mzima unajua. Hajamtuma mtu. Anakimbia na miguu miwili, na wao wana gari, na orodha ya wastaafu iko ofisini kwao. Hataziwahi nyumba zote. Wewe uko kwenye moja.

Usiniambie utafikiria. Usimngoje jirani. Inua kichwa utazame ukuta uliokuwa unautazama kila siku bila kuuona. Kama kuna mlima wa wino pale, wa babu, wa mjomba, wa baba mkwe aliyepewa siku ya kustaafu, panda juu ya kochi na viatu vyako uushushe. Bandika birika. Mvuke taratibu, usivute kwa nguvu. Utawakuta humo, na wanajulikana kwa majina. Ubebe ukiwa umeulaza, upeleke kwa mhandisi wa halmashauri leo hii, kabla hajafunga ofisi, na ukikuta amefunga kaa mlangoni mpaka arudi. Zege linamwagwa asubuhi.

Na kama mlangoni kwako panabishwa sasa hivi, tazama kwanza ni wapi panapobishwa. Wakibisha juu, wakiwa wawili, wana adabu, usifungue.

Pakibishwa chini, fungua.